Umbo la Plagi na Nguvu ya Umeme: Hadhari kwa Msafiri wa Mahagi

Msafiri atokaye Mahagi kwenda Brussels, akakata bara zima na bahari juu yake, hufika hotelini, akachomeka plagi ya kompyuta yake ukutani, nayo ikawaka bila ya kuhitaji chochote. Ilhali jirani yake aliyeondoka asubuhi hiyo hiyo kwa pikipiki, akapita forodhani, akaingia Goli katika ardhi ya Uganda na kuwasili kwa shemeji yake kabla ya chai ya saa nne, husimama mbele ya soketi yenye matundu matatu ya mstatili, mkononi ana plagi ya miguu miwili ya mviringo, asijue aiingize wapi.

Ajabu hii si kazi ya mafundi wa umeme bali ni kazi ya wafalme. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi ya Lado, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile. Mfalme huyo alipofariki Desemba 1909 nchi ile ikarejeshwa mikononi mwao mwaka uliofuata, na sehemu yake ya kusini, ndiyo West Nile, ikatiwa katika Uganda mwaka 1914, huku Mahagi ikibaki upande wa Kongo ya Wabelgiji. Waalur, ambao mpaka huo ulipita katikati ya koo zao bila ya wao kuulizwa, wakajikuta wana serikali mbili, na kila serikali ikaleta desturi zake: magari yakashika mkono wa kulia huku na mkono wa kushoto kule, shule zikasomesha Kifaransa huku na Kiingereza kule, na umeme ulipowasili ukaja na plagi ya yule aliyeuleta. Wabelgiji walileta plagi ya miguu miwili ya mviringo, ambayo waya wake wa ardhi hupokelewa na kijiti cha chuma kinachochomoza katika soketi yenyewe. Waingereza walileta plagi nene ya miguu mitatu bapa, iliyotiwa katika kanuni zao mwaka 1947. Kongo imekwisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, lakini plagi zingali mbili, na sioni dalili ya kuwa moja katika umri wetu.

Basi yafaa msafiri ajue tangu mwanzo jambo ambalo wauzaji wa adapta hawamwambii: adapta hubadili umbo la plagi, wala haibadili kitu kingine. Haipunguzi nguvu ya umeme iliyozidi, haiongezi iliyopungua, na haileti waya wa ardhi mahali ambapo haupo. Mtu akilifahamu hili barabara, nusu ya madhara yatokanayo na vyombo vya umeme safarini yatakuwa yamemwepuka.

Tuanze na kilicho karibu. Umeme wa Kongo ni wa volti 220 na wa Uganda ni wa volti 240, na umeme wa nchi zote mbili una mizunguko 50 kwa kila sekunde, ambayo huandikwa hezi 50. Tofauti ya volti 20 si kitu kwa redio, wala kwa friji, wala kwa chaja ya simu. Labda globu ya kizamani ya uzi iliyoandikwa 220 itang'aa zaidi kidogo kule Nebbi au Arua na kuungua mapema kuliko ambavyo ingeungua nyumbani. Avukaye Goli, kwa hiyo, hana haja ya kuiogopa nguvu. Hofu yake na iwe katika namna ya kuunganisha, na hapo pana maneno mengi.

Soketi ya Kiingereza ina vipande vya plastiki ndani yake vinavyoyaziba matundu mawili ya chini, yenye umeme, ili mtoto asipenyeze kidole wala msumari. Na vipande hivyo havifunguki mpaka mguu wa juu wa plagi, ambao umefanywa mrefu kuliko wenziwe makusudi, uingie kwanza na kuvisukuma. Watu wa mpakani wamekwisha kuigundua hikima hiyo na kuipindua. Katika vyumba vya wageni aghalabu utakuta juu ya meza, kando ya soketi, kijiti cha mwanzi kilichochongwa, au mrija wa kalamu ya wino, ambao ncha yake imebabuka ikawa ya kahawia: mgeni hukitumbukiza katika tundu la juu, vipande vya ndani vikafunguka, naye akaisukuma plagi yake ya miguu miwili kwa nguvu katika matundu ya chini, ikakaa upande. Taa ya chaja huwaka, na mgeni hulala akiamini kuwa amepata.

Ukitaka kujua alichopata, itazame ile ncha iliyobabuka. Chuma cha ndani ya soketi kimetengenezwa kuukumbatia mguu bapa. Mguu wa mviringo hukigusa kwa ukingo tu, na mahali pembamba pa kugusana panapopitisha umeme hupata moto, na cheche huruka kila plagi inapotikisika. Kwa chaja ya simu, ambayo huvuta umeme kidogo sana, moto huo huenda usionekane usiku mmoja. Kwa pasi au birika, plastiki ya soketi huanza kulainika kabla maji hayajachemka. Na yuko atakayekosa kijiti, akachukua msumari au kipande cha waya, gizani, akakosea tundu. Sina shauri la kumpa huyo isipokuwa kwamba adapta yenye fyuzi ndani yake hupatikana katika duka lolote la vifaa vya umeme kule Arua au Paidha, na bei yake haifiki hata robo ya bei ya simu anayotaka kuichaji.

Lakini hata adapta si zote sawa. Iko ile nyepesi, ya plastiki nyeupe, yenye matundu mawili tu usoni, ambayo hukubali plagi ya Kibelgiji na kuiunganisha na umeme ilhali waya wa ardhi umeachwa nje. Nayo ndiyo inayouzwa zaidi. Faida ya waya huo, ambao mafundi wetu huuita ethi, haionekani mpaka siku ya balaa. Waya wa ndani ya pasi ukichakaa na kuligusa bati lake, umeme huenea katika pasi nzima. Kama waya wa ardhi upo, umeme hukimbilia huko kwa wingi, fyuzi ikakatika au swichi kuu ikajizima, na mwenye pasi akaona tu kuwa imezimika. Kama haupo, pasi huendelea kuwa moto na kupiga nguo bila ya kutoa ishara, ikimngoja mtu atakayeigusa ilhali miguu yake imekanyaga saruji yenye unyevu. Chombo chochote chenye mwili wa chuma, au kinachochemsha maji, sharti kiwe na waya wa ardhi kutoka plagi hadi ukutani, na adapta itakayotumika iwe ina njia ya kuupitisha. Chombo ambacho hakiuhitaji hujitambulisha chenyewe: nyuma yake pamechorwa mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, maana yake ni kwamba kimefunikwa kinga mbili, na chaja nyingi na mashine nyingi za kunyolea zina alama hiyo.

Na kwa kuwa tumegusa habari ya kunaswa: umkutapo mtu ameshikwa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu au chomoa plagi. Ikiwa haiwezekani, simama juu ya ubao mkavu na umsukume kwa mpini wa jembe mkavu au kiti cha mbao. Akiisha kuachana na umeme, kama hapumui, kifua chake kibonyezwe kwa nguvu na kwa haraka bila ya kukoma, na gari litafutwe. Desturi ya kumfukia mtu aliyepigwa shoti katika mchanga, ati mchanga unyonye umeme, haina asili yoyote, kwani umeme haukai mwilini. Hupoteza tu zile dakika ambazo zingemwokoa.

Kipimo kingine cha adapta ni ampea. Chukua wati zilizoandikwa katika chombo, uzigawe kwa volti za nchi, jibu ndilo ampea: birika la wati 2,200 katika umeme wa volti 220 huvuta ampea 10. Geuza adapta, usome nyuma yake. Ikiwa imeandikwa 6, na nyingi zimeandikwa hivyo, basi hiyo ni ya chaja na redio, na birika si mzigo wake. Hesabu hiyo hiyo itumike kwa ekstensheni, hasa ile iliyoviringwa katika gurudumu, ambayo yapasa ifunuliwe yote kabla ya kutiwa mzigo mzito, maana waya uliojiviringa juu yake wenyewe hauna pa kuutoa moto wake. Ama zile soketi zenye matundu ya maumbo yote, zinazopokea plagi ya Mwingereza, ya Mbelgiji, ya Mmarekani na ya Mchina, mimi siziamini: chuma chake cha ndani, kwa kutaka kumridhisha kila mgeni, hakimshiki hata mmoja sawasawa.

Mtu aliyenunua chombo Uganda akikusudia kukaa nacho Mahagi siku zote, adapta si shauri jema kwake. Bora fundi aikate plagi na kutia nyingine. Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni fyuzi. Nyumba za Kiingereza zilifungwa nyaya kwa mtindo wa duara, ambamo soketi nyingi hulindwa kwa pamoja na fyuzi kubwa ya ampea 30 au swichi ya 32, na kwa sababu hiyo kila plagi ilitiwa fyuzi yake ndogo, ya ampea 3 kwa taa na redio, ya 13 kwa birika na pasi, ili ilinde waya mwembamba wa chombo. Mtindo wa Wabelgiji hauna fyuzi katika plagi, kwani soketi zake hulindwa kutoka katika sanduku la ukutani. Ukiikata plagi ya Kiingereza umeikata na kinga yake, na tangu hapo chombo chako kinategemea sanduku lile. Basi lifungue ulitazame. Ukikuta mahali pa fyuzi pamezungushwa uzi wa shaba, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, jua kwamba nyumba hiyo haina kinga yoyote, na kabla ya kuleta friji lete fyuzi.

Mtego wa pili ni rangi. Waya zinazouzwa leo katika Ulaya na kwetu ni za kahawia kwa umeme, buluu kwa unaorudi, na kijani chenye mstari wa manjano kwa ardhi. Katika plagi ya Kiingereza iliyofunguliwa ikikutazama, kijani hukaa juu, kahawia kulia penye fyuzi, na buluu kushoto. Katika nyumba za zamani zilizofungwa Kiingereza utakuta nyekundu kwa umeme na nyeusi kwa unaorudi. Na katika chombo kilichotoka Marekani nyeusi ndiyo yenye umeme, na nyeupe ndiyo inayorudi! Fundi mzee aliyezoea kuiona nyeusi kuwa ndiyo salama, akipewa kifaa cha Kimarekani bila ya kuambiwa kilikotoka, ataifunga kinyume kwa mikono yake mwenyewe yenye ujuzi. Mwambie kilikotoka.

Marekani yenyewe ndiyo iletayo hasara zaidi katika nyumba zetu, nayo huja kwa njia ya mapenzi. Wakongo wengi waliokuwa katika kambi za wakimbizi za Uganda na kwingineko wamepelekwa kuishi katika miji ya Marekani, na ndugu hao, wakikumbuka nyumbani, hutuma pasi, sufuria ya umeme ya kupikia wali, mashine ya kunyolea. Vyombo hivyo ni vya volti 120. Volti ni mfano wa kimo ambacho maji huanguka toka juu, na kimo kikizidi maradufu, gurudumu lililo chini haliongezi kazi maradufu tu: pasi ya Kimarekani ya wati 1,200, ikitiwa katika umeme wa volti 240, huvuta ampea 20 mahali pa 10 na kuchemka kwa wati 4,800, yaani mara nne ya kadiri iliyoundiwa. Uhai wake ni wa dakika chache, na kama kitambaa kiko chini yake, ni wa hatari. Kinyume chake ni unyonge mtupu: birika la Kampala la wati 2,400 likipelekwa Chicago hutoa wati 600, na mwenye kungoja chai angoje.

Kwa hiyo kabla ya kulitazama umbo la plagi, geuza chombo usome kibandiko chake. Pakiandikwa 100–240 V na 50/60 Hz, na hivyo ndivyo zilivyoandikwa karibu chaja zote za simu na kompyuta, chombo hicho kitakubali umeme wa dunia nzima, nacho hakihitaji ila adapta ya umbo. Pakiandikwa 120 V peke yake, hakuna adapta itakayokiokoa. Chahitaji transfoma ya kushusha umeme, na transfoma hiyo iwe na wati zinazozidi za chombo kwa kiasi cha robo angalau. Ya kweli hujulikana kwa uzito, kwani ndani yake mna chuma na shaba; vile visanduku vyepesi vinavyouzwa kwa wasafiri, vyenye kudai kubeba wati 1,600 na vinaingia mfukoni, ni vya vyombo vya kutoa moto tu kama pasi, na ukivitia redio au kompyuta vitaiharibu.

Transfoma nayo haiponyi kila kitu, maana haibadili mizunguko. Marekani hutumia hezi 60, na mashine yenye mota au sumaku iliyoundwa kwa hezi 60, ikipewa 50, huenda kwa mwendo uliopungua kiasi cha moja ya sita na kupata moto zaidi. Vinyozi wanalijua jambo hili kwa masikio: mashine ya Kimarekani yenye sumaku ya kutetemesha wembe, ikiwa juu ya transfoma iliyo sahihi kabisa, hugonga na kunguruma na kuzivuta nywele badala ya kuzikata. Saa ya ukutani inayohesabu mizunguko ya umeme itapoteza dakika 10 kwa kila saa. Wala msidhani ni Marekani peke yake. Mahujaji wetu wanunuao feni au mashine ya kusagia matunda Jeddah na Makka wakumbuke kuwa Saudia hutumia hezi 60 ilhali Oman, Dubai na majirani zake wengine wa Ghuba hutumia 50. Plagi ni ile ile ya miguu mitatu, umbo halikuonyi, kibandiko ndicho kitakachokuonya. Japani imepasuka katikati kwa namna iliyonikumbusha Mahagi nilipoisoma: mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mashine za Kijerumani na Osaka mashine za Kimarekani, na hadi leo mashariki ya nchi hiyo ina hezi 50 na magharibi 60, bila ya mfalme wa nje kuhusika.

Narudi nyumbani, ambako mambo yana sura nyingine. Bwawa la umeme la Inga, lililoanza kazi mwaka 1972, liko upande wa pili wa nchi, na kule Zombo, hatua chache ng'ambo ya mpaka, mtambo wa Nyagak wa megawati 3.5 umekuwa ukizungushwa na maji tangu mwaka 2012 kwa faida ya West Nile. Walakini Mahagi watu wengi hutegemea jenereta na sola. Umeme wa jenereta ndogo hauna utulivu: mzigo ukizidi volti hushuka, na mwenzio akizima pasi ghafula hupanda. Iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke vyombo kimoja kimoja. Na wakati wa kuzima, chomoa vyombo kabla ya kuikata mashine. Friji iliyozimika ipewe dakika tano kabla ya kuwashwa tena, kwani gesi iliyobanwa ndani yake haijapata kulegea, na mota ikilazimishwa kuisukuma huungua. Jenereta isiwekwe ukumbini wala chini ya dirisha, moshi wake huua waliolala bila ya kuwaamsha. Na ule waya wenye plagi ya kiume katika ncha zote mbili, ambao baadhi ya watu huutumia kuuingiza umeme wa jenereta katika soketi ya nyumba, ni silaha: ncha iliyochomoka ina umeme kamili nje, na nyumba ikiwa imeunganishwa na nyaya za mtaa, umeme huo hurudi hadi nguzoni, juu ya mkono wa fundi aliyeambiwa kwamba nyaya zimezimwa.

Mwenye sola naye asichanganye. Televisheni na taa za volti 12 zinazouzwa pamoja na paneli hufanana mno na zile za 220, na mtoto aliyezichomeka ukutani kwa babu yake Bunia hafai kupigwa. Wa kulaumiwa ni aliyezitia plagi ya kawaida. Inveta nayo, yaani kigeuzi cha umeme wa betri ya sola, ile ya bei rahisi, hutoa umeme wenye mawimbi ya mraba badala ya mawimbi laini, ambao taa na chaja huustahimili, bali friji na feni hunguruma na kupata moto.

Imebaki safari ya ndege. Mwenye kwenda Bunia kupanda ndege, au kupitia Pakwach na Karuma hadi Entebbe, asitie pawabenki katika sanduku litakalowekwa tumboni mwa ndege. Mahali pake ni mfuko wa mkononi, kwa kuwa betri ya lithiamu ikishika moto wahudumu wanaweza kuifikia. Kipimo ni wati-saa: zidisha ampea-saa kwa 3.7, hivyo pawabenki ya miliampea-saa 20,000 ina wati-saa 74, na mpaka 100 haihitaji ruhusa. Baina ya 100 na 160 sharti shirika la ndege likubali, na kuzidi hapo hairuhusiwi kwa abiria. Betri za akiba zisizo katika chombo zifunikwe ncha zake kwa utepe, zisigusane na funguo wala sarafu. Wakaguzi husoma nambari iliyopigwa chapa juu yake, na ile ambayo maandishi yake yamefutika kwa kukaa sana mfukoni huenda wakaitwaa hapo hapo, hata kama ni ndogo.